Nilikuwa kwenye herufi B

Mama yangu hajui kusoma, ila siku niliyozaliwa anaijua. Mkunga wa misheni kule Fizi, mashariki mwa Kongo, alimwandikia kwenye kikaratasi: 14 Aprili 1988. Kikaratasi kilibaki nyumbani tulipokimbia, na tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 1997, karani aliyekuwa akiandikisha watu chini ya turubai hakuwa na muda wa kusikiliza habari za mkunga. Aliuliza mwaka tu. Siku na mwezi akajaza mwenyewe: tarehe 1 mwezi wa 1. Ndivyo walivyoandikwa wengi wa rika langu. Hapa Abilene, Texas, kwenye kanisa letu la Wakongo na Warundi, Mwaka Mpya ukifika nusu ya kwaya inatimiza miaka siku moja, na mchungaji ameshaacha kuwaombea mmoja mmoja. Anawaombea kwa mkupuo.

Nayasema haya kwa sababu hizo tarehe mbili ndizo zilizonilaza jela usiku mmoja, na miaka mitano baadaye ndizo zilizoninyima karatasi ya kuonyesha kwamba kesi ilikwisha.

Oktoba 2017 nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kaskazini mwa Texas, eneo wanaloliita Panhandle. Ni tambarare tupu, ng'ombe na upepo, mji hadi mji ni mwendo wa nusu saa bila kuona taa. Zamu ya pili ilikuwa ikiisha karibu saa saba usiku. Siku hiyo nilivua gwanda kwa haraka, pochi ikabaki kwenye kabati la kiwandani, na leseni ndani yake. Njiani askari akanisimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Akaniuliza jina. Nikamtajia kama tunavyojitaja kwetu, la ukoo mbele: Wilondja Bahati. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Kwa woga nikasema ile ya mama. Akarudi kwenye gari lake, akakaa, akarudi. Kompyuta haimjui mtu huyo. Akauliza tena, nami nikakumbuka kwamba serikali inanijua kwa Januari, nikasema 1 Januari. Basi mbele yake alisimama mtu asiye na kitambulisho, mwenye tarehe mbili za kuzaliwa. Kiingereza changu cha wakati ule hakikuweza kumweleza kwamba zote mbili ni za kweli.

Pale Texas, kumpa askari aliyekushikilia jina au tarehe ya uongo ni kosa la jinai la daraja B. Kifungo chake kinaweza kufika siku 180 na faini dola 2,000. Nilichukuliwa alama za vidole, nikapigwa picha, nikalala kwenye godoro jembamba. Asubuhi hakimu akataja dhamana ya dola 500 taslimu. Wenzangu wa zamu wakachanga. Baba Neema, mzee wetu wa Kibembe aliyekuwa akisimamia michango ya misiba, ndiye aliyekwenda kulipa dirishani. Nikaambiwa nitaletewa barua ya siku ya kufika mahakamani. Wiki chache baadaye nilihamia Abilene kwa binamu yangu, na kama barua ilitumwa, ilitumwa kwenye nyumba ya magurudumu ambayo tayari ilikuwa na wapangaji wengine.

Kwa miaka mitano sikukanyaga kule. Niliamini kuna hati ya kunikamata inanisubiri. Dada yangu wa tumbo moja aliolewa Amarillo mwaka 2019 nami nikasema nina homa. Sikuwahi kumpigia mtu yeyote simu kuuliza. Nilidhani kuuliza ni kujipeleka.

Mwaka 2022 ukafika wakati wa kuomba uraia. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kuandikiwa kosa na askari yeyote, wakati wowote, mahali popote. Na inaongeza, kwa maneno marefu ambayo nilisomewa mara tatu, kwamba ujibu ndiyo hata kama kumbukumbu zilifungwa au kufutwa, hata kama jaji au wakili alikuambia huna kumbukumbu tena. Aliyenisomea ni dada mmoja Mkenya anayewajazia watu fomu katika shirika la misaada, na ana kibali cha kumwakilisha mtu mbele ya uhamiaji. Nikamwambia sijawahi. Akaweka kalamu chini. "Kaka, mficha uchi hazai. Alama zako za vidole zitafika kabla yako."

Nikamwambia yote. Akacheka kwenye sehemu ya tarehe mbili, maana hakuwa amenisikia mimi tu. Kisha akasema ninahitaji karatasi ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Niipate wapi? Kwenye kaunti ileile niliyokamatiwa.

Sikufuata njia iliyonyooka. Usiku huo nilikaa na simu nikaandika jina langu na neno "kukamatwa" kwa Kiingereza. Zikaja kurasa kumi, kila moja ikiahidi kumbukumbu za mtu yeyote kwa dakika moja, na mstari wa buluu unaojaa taratibu kana kwamba kuna mtu anapekua makabati. Nikalipa dola ishirini na kitu. Nikapewa watu watatu: mmoja wa Ohio aliyezaliwa 1961, mmoja mwanamke, na mmoja ambaye kweli ni mimi, lakini kilichoandikwa kumhusu kilikuwa anwani zangu za zamani tu. Mwezi uliofuata wakakata tena dola zilezile, na uliofuata tena, hadi mwanangu mkubwa alipopata mahali pa kujitoa. Ukurasa wa namna hiyo hauna mtu aliyekwenda kufungua kabati kwenye mji wa watu elfu tatu. Unakusanya vilivyokwisha kutupwa kwenye mtandao, na kaunti ndogo nyingi hazijatupa kitu.

Jimbo lenyewe lina mahali pake rasmi pa kutafuta. Idara ya Usalama wa Umma ya Texas inamruhusu mtu yeyote kutafuta jina kwa dola 1 na kidogo. Nikatafuta. Hakuna kitu. Nilipiga magoti sebuleni. Nikampigia yule dada, nikamwambia niko safi. Akaniuliza: "Umesoma wanachoonyesha?" Sikuwa nimesoma. Mahali pale umma unaonyeshwa waliotiwa hatiani, na wale ambao hukumu yao iliahirishwa kwa masharti. Aliyekamatwa kisha kesi ikafa haonekani pale. Ukimya wa ukurasa ule ulikuwa na maana moja tu, kwamba sijatiwa hatiani. Kesi inaweza kuwa imefutwa. Inaweza pia kuwa bado inasubiri. Usiku ule nililala vibaya kuliko kabla ya kutafuta.

Ndipo akanichorea nyuma ya bahasha. Nimeitunza bahasha hiyo, na tangu hapo nimeichora upya kwa watu wengi. Kukamatwa kunaandikwa na yule aliyekukamata, na Texas mara nyingi ni mmoja wa hawa watatu: polisi wa mji, manaibu wa sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, au askari wa jimbo wa barabara kuu. Jela ya kaunti ni ya sherifu, awe amekukamata yeye au mwingine. Kushtaki au kutoshtaki ni kwa mwanasheria wa kaunti, naye ana faili lake. Na mahakama ina makarani wake, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu karani si mmoja. Kosa la daraja C, lile la faini isiyozidi dola 500, linakwenda kwa hakimu mdogo wa eneo wanayemwita hakimu wa amani, au mahakama ya mji. Madaraja A na B yanakwenda mahakama ya kaunti, na karatasi kwa kawaida zinakaa kwa karani wa kaunti. Makosa makubwa yanakwenda mahakama ya wilaya, yenye karani mwingine, mara nyingine kwenye jengo hilohilo, mlango wa pili. Ukimuuliza wa mlango wa kwanza habari za mlango wa pili, atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba hakuna kitu. Texas ina kaunti 254, na mmoja wa majirani zangu aliamini miaka miwili kwamba kesi ya mwanawe haipo, kumbe aliuliza mlango usio wake.

Kule Kasulu, wilaya ya kambi yetu, tulizoea jambo moja: ukipata shida unakwenda kituoni, unapewa RB, namba ya ripoti ya polisi, na ile namba ndiyo kesi. Wakenya wana OB yao, daftari la matukio la kituo. Kila kitu kinaanzia kwa polisi na kwa kiasi kikubwa kinabaki kwa polisi, na ukitaka kuonyesha u mtu mwema unaomba cheti cha tabia njema kwao. Faili la mtu mwingine hulioni. Huku mambo yamegeuzwa. Faili la mtu yeyote kwa kawaida liko wazi kwa mtu yeyote, lakini hakuna mmoja mwenye faili zima.

Yule dada akanipeleka kwanza kupiga alama za vidole kwa ajili ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Unalipa dola 18, wanakuletea walicho nacho juu yako. Hilo ningemshauri kila mtu aanze nalo, kwa sababu alama za vidole hazina tahajia. Karatasi ikaja. Ilikuwa na mstari mmoja: siku ya kukamatwa, ofisi ya sherifu wa kaunti ile, kosa. Mbele yake, palipopaswa kuandikwa kesi iliishaje, patupu. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: kukamatwa kunasafiri kwenda FBI mapema pamoja na vidole, lakini mwisho wa kesi unasubiri mtu wa kaunti akumbuke kuutuma. Na juu ya ukurasa jina lilikuwa limeandikwa BAHATI, WILONJA. Nikasema hawa nao, hata jina hawajui kuandika, nikakunja karatasi nikaiweka.

Kama ningeitazama vizuri ningeokoa wiki sita.

Nilimpigia karani wa kaunti. Mama mwenye sauti ya taratibu, akaniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu kule. Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kadi yangu ya kijani, kibali cha kuishi Marekani, Wilondja likiwa la mwisho, na tarehe ya Januari. Akatafuta. Hakuna. Nikamwomba atafute tena. Hakuna. Nikaandika barua kwa sherifu, na barua hiyo ilinifundisha mengi. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa mbili: nilikotoka, mama, taa ya gari, uraia. Yule dada akaichana. Texas ina sheria ya taarifa za umma tangu 1973, sasa ni sura ya 552 ya sheria za serikali, na afisa anayepokea ombi haruhusiwi kukuuliza unalitakia nini. Anaruhusiwa kukuomba ufafanue unachotafuta. Akitaka kukunyima, kwa kawaida ana siku 10 za kazi kumwomba mwanasheria mkuu wa jimbo aamue. Barua ya pili ilikuwa mistari mitano: jina, tarehe ya kukamatwa, ninaomba ripoti ya kukamatwa na ya kuingizwa jela, nitalipia nakala, anwani yangu hii hapa. Ikajibiwa ndani ya wiki: hakuna kumbukumbu kwa jina hilo na tarehe hiyo ya kuzaliwa.

Mtu niliyelala kwenye godoro lao! Nilihisi kama nimeambiwa sikuwahi kuishi.

Mwishowe nikaomba siku mbili kazini, binamu akaendesha. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kama mwizi, kwa sababu bado niliamini kuna hati ya kunikamata. Kabla ya kuondoka yule dada alikuwa amenionya: kama hati ipo kweli, usijitokeze dirishani peke yako, na akampigia wakili wa msaada aulize kwa niaba yangu. Wakili akauliza, akajibiwa kama mimi: hakuna mtu huyo. Hilo nalo halikunituliza. Kama hawana jina langu, hawana pia habari ya kunisafisha.

Kutoka Abilene ni zaidi ya saa nne kuelekea kaskazini. Jengo la mahakama liko katikati ya mji, kwenye uwanja wa nyasi, kama ilivyo miji mingi ya Texas, na barabara nne zinalizunguka. Tulifika saa sita na dakika tano mchana, tukakuta mlango wa karani umefungwa hadi saa saba. Wameenda kula. Ukipanga safari ya mbali kwenda kaunti ndogo, panga na chakula chao cha mchana.

Tulipoingia nikamtambua kwa sauti. Yuko peke yake. Kaunti zenye watu chini ya 8,000 zinaruhusiwa kuwa na karani mmoja wa mahakama zote mbili, basi ile milango miwili ya bahasha yangu pale ilikuwa mlango mmoja. Anaandikisha vyeti vya kuzaliwa, ndoa, hati za ardhi, na hata alama za ng'ombe. Kwenye kaunta palikuwa na kitabu cha michoro ya vyuma vya moto, kila mfugaji na alama yake. Binamu yangu, ambaye ukoo wao walikuwa na ng'ombe kabla ya vita, alisimama hapo muda wote tuliokuwa ndani.

Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyepiga simu. Akatafuta tena mbele yangu, akanigeuzia kioo nione. Hakuna. Nikatoa kila karatasi niliyokuja nayo, kwa kukata tamaa tu, na ile ya FBI ikafunguka juu. Akaweka kidole kwenye jina. Akasema kitu kama, "Wewe si W. Wewe ni B."

Askari alisikia Wilondja Bahati akaandika kama Mmarekani anavyosikia: la kwanza ni la mtu, la mwisho ni la ukoo. Akapoteza herufi d njiani. Akaandika tarehe aliyoisikia kwanza, 14 Aprili. Kwa kaunti ile mimi ni Wilonja wa ukoo wa Bahati, niliyezaliwa mwezi wa nne. Na mahali pote duniani ambapo nimeandikwa na serikali, pale tu ndipo nilipoandikwa siku yangu ya kweli.

Hata hivyo mashine yake ilionyesha namba ya kesi tu. Mengine yalikuwa kwenye karatasi, ghorofa ya chini. Akashuka. Wakati nasubiri nilikuwa na daftari la orodha ya kesi za mwaka ule, aliloniachia wazi ili nijitafute, na macho yalitembea. Nikaona jina la mtu ninayemjua, baba wa watoto wanne, tuliyekuwa tukisali pamoja kwenye chumba cha mapumziko kiwandani. Kosa lake limeandikwa pembeni. Sikupaswa kulijua, na sheria ya pale haikunizuia kulijua. Nimesikia watu wakitetea uwazi huu, na hoja yao naielewa: askari hawezi kumficha mtu ambaye jina lake liko kwenye daftari linalosomwa na kila mtu. Lakini nilifunga daftari. Mtu huyo nimekutana naye mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili nimekuwa mwepesi mno wa kumsalimia.

Karani akarudi na folda nyembamba. Kurasa nne. Malalamiko ya askari. Hati ya mashtaka. Karatasi ya dhamana. Na ya mwisho, aya moja: mwanasheria wa kaunti anaomba shauri lifutwe, na chini yake sahihi ya jaji wa kaunti anayekubali. Tarehe ilikuwa Februari 2018.

Februari 2018. Dada yangu aliolewa 2019.

Sikuwa na cha kusema. Yule mama akadhani sijaelewa, akanisomea taratibu, akiweka kidole chini ya kila neno. Hakukuwa na hati ya kukamatwa wala siku ya kufika. Mwanasheria wa kaunti alikuwa ameona, nadhani, tarehe mbili na jina lililopinduka, akajua ni mkanganyiko wa karatasi. Barua ilitumwa ikarudi. Bahasha ilikuwa humohumo, imegongwa muhuri wa posta. Na hakuna aliyelitaarifu jimbo wala FBI. Nilimwomba asahihishe hilo, akaandika kwenye kikaratasi cha njano akakibandika kwenye skrini. Baadaye nilipoagiza tena karatasi ya FBI, pale patupu palikuwa pamejazwa.

Nakala zenye muhuri zilinigharimu dola 1 kwa ukurasa na dola 5 za uthibitisho kwa kila seti. Nilitaka seti moja. Namshukuru Mungu binamu aliondoka kwenye kitabu cha ng'ombe akasema chukua tatu. Niliporudi Abilene yule dada akanieleza kwa nini binamu alikuwa na akili kuliko alivyojua. Kesi iliyofutwa kama yangu, Texas inaweza kukuruhusu uiombe mahakama ya wilaya iifute kabisa kwenye kumbukumbu, na amri ikitoka, ofisi zote zinatakiwa kuharibu au kurudisha walicho nacho. Watu wetu wakisikia hivyo wanakimbilia huko kwanza, ili waende kwenye usaili wakiwa weupe. Kisha afisa uhamiaji anauliza, kwa sababu vidole vyao viko, na wao wanarudi kaunti kuomba karatasi ambayo wao wenyewe waliomba ichomwe. Mimi nilikwenda kwenye usaili na nakala yangu. Afisa aliisoma kwa sekunde kumi hivi, akauliza kwa nini tarehe ya kuzaliwa ni tofauti, nikamweleza habari za mkunga na turubai. Akaandika. Akaendelea na swali la ni nani aliyekuwa rais wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Tangu nile kiapo watu wananiletea karatasi zao, hasa Jumapili baada ya ibada. Siwapi ushauri wa sheria, nina yule dada kwa hilo. Mimi ninachofanya ni kuuliza jina ulilolitaja usiku ule, kwa mpangilio gani, na kwa lafudhi gani. Tunaandika kwenye daftari namna zote ambazo sikio la Mtexas lingeweza kulisikia. Mama mmoja mwenye jina linaloanza na Ng' tulimpata kwenye N, kwenye G, na kesi ya gari kwenye K. Kuna mwingine alikamatwa, akaachiwa asubuhi, na mwanasheria hakufungua shauri kabisa. Kwa huyo karani hana cha kutoa, na wengi wanaondoka mikono mitupu wakifurahi. Asiondoke hivyo. Karani aombwe aandike kwamba ametafuta hakukuta, agonge muhuri, na ofisi ya mwanasheria iandike kwamba haikushtaki. Karatasi inayosema hakuna karatasi ina thamani ileile mezani kwa uhamiaji.

Kitu kimoja kilibaki. Kwenye ile folda karatasi ya dhamana ilionyesha dola 500, mlipaji Baba Neema. Nikauliza zilikwenda wapi. Kesi ikifutwa, fedha taslimu zinamrudia aliyezilipa. Karani akatazama akasema hundi ilitumwa, ikarudi kama barua yangu, ikakaa, ikapelekwa kwa mhasibu mkuu wa jimbo, kwenye mali zisizo na mwenyewe. Unaweza kutafuta bure.

Baba Neema sasa anaishi kwa mwanawe Des Moines. Nilimpigia, tukatafuta pamoja, mimi kwenye simu ya mwanangu yeye kwenye simu yake. Jina lake la karatasi, hakuna. Tukaligeuza, hakuna. Tukatoa herufi moja, tukaongeza nyingine, na jaribio la sita akatokea, kwenye mtaa wa kiwandani, fedha zipo.

"Jaza jina langu," akasema, "halafu subiri." Nikasikia akimwita mjukuu amletee daftari la misiba. Alikuja nalo kutoka Panhandle, lile lile la jalada gumu. Akavaa miwani. Akaanza kunisomea waliochanga usiku ule, jina la mtu, la baba yake, na kiasi: dola 20, dola 40, dola 10. Wote 17 walikuwa wameandikwa sawasawa. Alipofika wa tisa akanyamaza kidogo, akasema huyu sasa apewe mjane wake, akaendelea kusoma.